Siti ya mbele hailali: kiti cha mtoto ndani ya ndege na ugomvi wa sentimita chache

Ndege ilikuwa haijamaliza hata saa moja angani, ikielekea Dar, mzee aliyekaa mbele ya binti yangu alipobonyeza kitufe cha siti yake na kujisukuma nyuma. Siti haikwenda. Akabonyeza tena, sasa akitumia mabega. Kiti cha gari alimolala mtoto, kile chenye mikanda yake nilichokifunga juu ya siti ya ndege, kikatikisika. Mtoto akafumbua jicho moja, akalifumba. Mzee akageuka.

"Mwanangu, hii siti imekufa?"

"Shikamoo mzee. Haijafa. Ni kiti cha mtoto kimeigusa mgongoni."

"Marahaba." Akainuka kidogo, akachungulia juu ya siti, akakiona kile kidude cha plastiki kilichojaa nafasi yote kati yake na sisi. "Na huyu mtoto, kwa nini humpakati?"

Swali halikuwa na ubaya. Mama yangu mzazi aliniuliza hilohilo kwa simu nilipomwambia nimemkatia mtoto wa miezi saba tiketi yenye siti yake, wakati shirika lilikuwa tayari kumbeba mapajani kwangu kwa asilimia 10 ya nauli. Kwetu mtoto mdogo hana siti; ana mapaja ya mtu. Kwenye daladala, kwenye basi la mkoani, mtoto anapakatwa, na anayempakata akichoka anampokeza jirani asiyemjua hata jina. Nilimjibu mzee kwa kifupi, naye akanyamaza kwa adabu. Lakini siti yake ilibaki wima hadi tulipotua, na najua hakulala.

Nilikuwa na haki ya kukifunga kile kiti pale. Yeye naye alikuwa amelipia siti yenye kitufe. Mtu akiniuliza nani kati yetu alikosea, jibu langu ni kwamba hakuna, na ndiyo maana jambo hili linafaa kufumuliwa uzi kwa uzi.

Sentimita zilizouzwa mara mbili

Ugomvi wote umekaa kwenye sentimita. Katika daraja la kawaida, kutoka mgongo wa siti moja hadi mgongo wa siti inayoifuata kwa kawaida ni kati ya sentimita 71 na 81, kutegemea shirika na ndege. Humo yatoshe makalio yako, magoti yako, meza ya kukunja na unene wa siti yenyewe. Mwenye miguu mirefu anajua kwamba hapo hakibaki kitu.

Sasa weka kiti cha mtoto mchanga. Chenyewe hutazama nyuma: miguu ya mtoto inaelekea mgongo wa siti iliyombeba, na upande wa kichwa unaelekea siti ya mbele. Sababu ni shingo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito mno kwa mwili wake, na shingo bado changa. Chombo kikisimama ghafla, mtoto anayetazama mbele hurushwa kichwa huku mabega yamefungwa. Anayetazama nyuma hudidimia ndani ya ganda la kiti, na ganda linapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

Tena ganda hilo huwezi kulisimamisha wima upendavyo. Mtoto ambaye shingo haijakaza lazima alale kwa mwinamo, karibu nyuzi 45, la sivyo kidevu kinamwangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kadiri kiti kinavyoinama ndivyo kinavyokula nafasi ya mbele. Mwenye mtoto mkubwa kidogo, aliyekwisha kukaa mwenyewe, anaweza kukiinua zaidi kama maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu, na hapo siti ya mbele hupata pa kulala angalau kidogo. Nilikuja kulijua hilo baadaye.

Siti ya mbele nayo ikilazwa hurudi nyuma kwa juu, sentimita chache tu, lakini palepale ganda lilipofika. Shirika limemuuzia abiria wa mbele siti inayolala, likamuuzia mzazi wa nyuma siti ya kufungia kiti cha mtoto, na sentimita ni zilezile. Kisha likawaacha wamalizane wenyewe futi 35,000 juu ya ardhi.

Na watu humalizana vibaya, hata pasipo na mtoto. Mwezi Agosti 2014 ndege ya United iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver ililazimika kukatisha safari na kutua Chicago, kwa sababu abiria mmoja alibana siti ya mbele yake kwa vibanio vya plastiki vinavyoitwa Knee Defender ili isilale, wakagombana. Wote wawili walikuwa watu wazima na akili zao. Ryanair wamelimaliza jambo hili kibabe: siti zao hazilali kabisa. Ukisafiri nao na kiti cha mtoto hutasikia neno kutoka mbele, maana hata wa mbele hana alichonyang'anywa.

Kupakata na kufunga

Turudi kwenye swali la mzee. Kwa nini humpakati?

Kiswahili kina kitenzi kizuri sana hapa. Kupakata si kushika tu. Ni kumweka mtoto mapajani na kumzungushia mikono, na ndani ya neno hilo mna joto na ulinzi. Ni vigumu kumwambia mama wa Kiswahili kwamba mahali hapo si salama. Hesabu yenyewe, lakini, haina huruma. Siti za ndege za kisasa hujaribiwa kwa mshtuko wa mbele unaofikia mara 16 ya uzito wa kilichomo. Mtoto wa kilo 10, kwa kitambo hicho kifupi, anavuta kama kilo 160. Gunia la mahindi la kilo 100 likianguka kutoka kwenye lori hakuna mtu anayelidaka kwa mikono. Hili ni lumbesa, tena linaruka. Mwenye kumpakata amefungwa mkanda, atabaki kwenye siti. Mtoto hakufungwa na kitu.

Wamarekani walijifunza hili mahali panapoitwa Sioux City, jimbo la Iowa, tarehe 19 Julai 1989. Ndege ya United aina ya DC-10, safari namba 232, ilitoka Denver kwenda Chicago ikiwa na watu 296. Injini ya mkiani ilipasuka angani, vipande vyake vikaharibu mifumo yote mitatu ya haidroliki, na marubani wakabaki kuielekeza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia. Ndani yake mlikuwa na watoto wanne wa kupakatwa. Kiongozi wa wahudumu, Jan Brown, aliwaambia wazazi wafanye kama maelekezo ya siku hizo yalivyotaka: wawalaze watoto sakafuni, wawaegemeze kwa vitu laini, wawashikilie.

Ndege ilipiga chini, ikavunjika na kushika moto. Watu 184 walinusurika, 112 walikufa. Watoto watatu kati ya wale wanne walipona, mmoja wao kwa sababu abiria aliyekwisha kutoka alisikia kilio akarudi ndani ya moshi kumtafuta. Wa nne alikufa. Mama yake alitoka hai, akataka kurudi ndani kumfuata mwanawe, na nje akakutana na Jan Brown. Mhudumu huyo alitumia miaka mingi baadaye kwenda Washington kuwaomba wabunge waweke sheria kwamba kila mtoto afungwe kwenye siti yake.

Mwaka 1990 bodi ya Marekani inayochunguza ajali, NTSB, ilipendekeza hivyohivyo. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Julai 1994, ndege ya USAir ilianguka Charlotte ikijaribu kutua katikati ya mvua na upepo. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wa miezi tisa. Alijitahidi kumshika, akashindwa. Mama alipona na mtoto alikufa, na wachunguzi waliandika kwamba angefungwa kwenye kiti chake, huenda angeishi.

Hayo ni maanguko, na ndege hazianguki ovyo. Lakini ndege haihitaji kuanguka ili imnyang'anye mtu mtoto. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko mkali wa hewa. Kwa sekunde zisizofika tano, waliokuwa hawajafunga mikanda waliinuliwa hadi darini na kutupwa chini. Januari mwaka huohuo kipande cha ukuta wa ndege ya Alaska Airlines kiling'oka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Portland, kikaacha tundu la ukubwa wa mlango kwenye safu ya 26. Siti mbili za jirani na tundu hazikuwa na mtu. Ndani ya ndege hiyo mlikuwa na watoto watatu wa kupakatwa, waliokaa kwingine. Hakuna aliyekufa, na mkuu wa NTSB, Jennifer Homendy, akatumia nafasi hiyo kuwakumbusha wazazi jambo ambalo bodi yake imelisema tangu 1990.

Ukipanda ndege angalia wahudumu kabla ya kuruka. Birika la kahawa linafungiwa kwenye kabati lake. Kikapu cha chakula kinafungwa breki na komeo. Mkoba wako unasukumwa chini ya siti. Kompyuta unaambiwa uiweke mbali. Kitu pekee cha kilo 10 kinachoruhusiwa kuruka bila kufungwa ni mtoto.

Kwa nini basi haikuwa lazima?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa. Kama hatari inajulikana, kwa nini mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inakuruhusu umpakate mtoto hadi atimize miaka miwili?

FAA yenyewe inakiri, kwenye maelekezo yake kwa wazazi, kwamba mapajani si mahali salama. Ila inapiga hesabu nyingine. Ukiwalazimisha wazazi kununua siti, sehemu yao watashindwa nauli. Sehemu ya hao watasafiri kwa gari. Barabara za Marekani huua watu wengi kupita ndege, kwa mbali mno. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kuokoa watoto angani ingewaua wengine barabarani. Watafiti watatu waliochapisha makala kwenye jarida la tiba ya watoto mwaka 2003 walikadiria kwamba sheria ingezuia vifo visivyofika hata kimoja kwa mwaka katika ndege za Marekani, na kwamba kama asilimia 5 hadi 10 tu ya familia zingehamia barabarani, hasara ingepita faida. Mwaka 2005 FAA ikaachana na mpango wa kuweka sheria. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wao wanaendelea kushauri mtoto afungwe.

Hesabu ya FAA ina mantiki, siibezi. Lakini ni hesabu ya nchi yenye barabara kuu kutoka kila mji hadi kila mji. Anayetoka Minneapolis kwenda Dar hana chaguo la kuendesha gari. Akishindwa nauli ya siti ya tatu hataingia barabarani, ataahirisha safari, na bibi ataendelea kumwona mjukuu kwenye simu. Hilo nalo lina gharama, ya aina nyingine. Kwa hiyo mzazi wa kwetu anayempakata mtoto simnyoshei kidole. Safari nyingine za familia yetu zilifanyika hivyo, na nauli ndiyo iliyoamua.

Ulaya wamekwenda njia ya tatu. Huko, na katika nchi nyingi nyingine, mzazi hupewa mkanda mdogo wa ziada unaopitishwa kwenye mkanda wake na kumzunguka mtoto tumboni. Unamzuia asipae kwenye msukosuko, na kwa hilo unasaidia. Kwenye mshtuko mkubwa wa mbele ni hadithi nyingine: mwili wa mzazi unajikunja juu ya mtoto, na mkanda unamkaba tumboni, sehemu isiyo na mfupa wa kumkinga. Majaribio ya FAA ya mwaka 1994 yalionyesha hivyo, na Marekani haikubali mkanda huo utumike ndege ikiruka au ikitua. Matokeo yake, mama anayeunganisha ndege mbili ndani ya siku moja anaweza kupewa mkanda kwenye ndege ya kwanza, akalazimishwa kuutumia, kisha akaukosa kwenye ya pili kwa sababu ni marufuku. Akiuliza, kila mhudumu atamjibu kwa uhakika kwamba hii ndiyo njia salama.

Na mbeleko? Mbeleko, ya kanga au ile ya kununua yenye vifungo, haikubaliki wakati wa kuruka na kutua, kwa sababu ileile ya mwili wa mzazi kumgandamiza mtoto. Ibaki ya kutembea naye kwenye ujia akilia, na kazi hiyo hakuna kifaa kinachoishinda.

Mateke au kulala

Sasa abiria wenzetu. Kwenye mijadala hii wao hutajwa kama kero tu, watu wasio na huruma. Sikubaliani. Kukaa wima usiku kucha si jambo dogo kwa mtu mwenye mgongo mbovu, na mzee wangu wa siti ya mbele alikuwa na umri wa kuwa na mgongo mbovu.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba kukigeuza kiti cha mtoto kitazame mbele hakumalizi shida. Kunabadilisha tu aina yake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akikaa kwenye siti tupu, miguu yake inaishia ukingoni mwa siti. Mweke kwenye kiti cha gari: ganda lina unene wake, linamsogeza mbele, linamwinua juu, na sasa nyayo zake ziko usawa wa mgongo wa abiria wa mbele. Meza ya kukunja haishuki hadi chini, inagota kwenye magoti yake au kwenye kiti chenyewe. Atapiga mateke. Sijaona mtoto wa umri huo anayeweza kuona kitu mbele ya miguu yake kwa saa nane asikipige. Siti ya mbele inalala vizuri, na aliyelala ndani yake anaamshwa kila dakika tatu. Ukinipa nichague, nitachagua siti wima isiyopigwa mateke.

Wapo wahudumu ambao, abiria wa mbele akilalamika, humwambia mzazi akigeuze kiti cha mtoto mchanga kitazame mbele. Hapo usikubali, kwa upole lakini usikubali. Kiti hufungwa kama mtengenezaji alivyoelekeza, na kiti cha mtoto mchanga hakikutengenezwa kutazama mbele. Kwenye mashirika ya Marekani kanuni iko wazi: ukinunua siti, na kiti chako kimeidhinishwa kwa ndege, shirika haliwezi kukukatalia usikitumie. Kisipoenea kwenye siti uliyopewa, ni juu yao kukutafutia nyingine ndani ya daraja lilelile. Kulaza siti, kwa upande mwingine, ni starehe inayotolewa na shirika, haikuandikwa kwenye kanuni yoyote ya usalama. Wakati wa kuruka na kutua kanuni inataka siti iwe wima. Kwa hiyo pale vinapogongana, kiti cha mtoto kinabaki na siti ya mbele inasubiri. Ila kumwambia mtu hivyo usoni ukiwa angani hakumpi usingizi.

Nje ya mashirika ya Marekani mambo hutofautiana sana. Yapo yanayokaribisha viti vya gari, yapo yanayokubali vinavyotazama mbele tu, na yapo yanayotaka yaarifiwe mapema. Viti vya Ulaya vilivyokaguliwa kwa ajili ya ndege na TÜV Rheinland, kampuni ya ukaguzi ya Ujerumani, huwa na alama yake. Vya Marekani huwa na kibandiko chenye maandishi mekundu kinachosema vimeidhinishwa kwa gari na kwa ndege. Kibandiko hicho ndicho mhudumu atakachotaka kukiona, na mara nyingi kiko ubavuni au chini ya kiti, kimefichwa na kitambaa. Piga picha kabla hujafika uwanjani. Kama una safari ya ndege mbili za mashirika mawili, waandikie wote wawili na uwe na majibu yao kwenye simu.

Kiti huwekwa dirishani mara nyingi, ili kisimzuie mtu kutoka ikibidi kutoka upesi. Safu ya mlango wa dharura hairuhusiwi, wala ile iliyo mbele yake na nyuma yake. Ndege pana yenye safu ya katikati huenda wakakubali siti ya katikati. Wazazi wengi hukimbilia safu ya kwanza penye ukuta, wakifikiri hapo hakuna wa kulalamika. Kweli hakuna, lakini siti za safu hiyo huficha meza ndani ya sehemu ya kuwekea mkono, hivyo mikono haiinuki na upana unapungua. Kiti kipana hakiingii. Kile kitanda kidogo kinachotundikwa ukutani nacho ni cha kulalia tu: kuruka, kutua na kwenye msukosuko mtoto hutolewa.

Kuna jambo dogo la mikono ambalo hakuna aliyenionyesha. Kiti cha mtoto mchanga kina kitako kinachobaki kwenye gari. Kitako hicho kiache, maana ganda lenyewe lina mifereji ya kupitishia mkanda. Inua sehemu za kuwekea mikono kama zinainuka, weka ganda, pitisha mkanda wa ndege, kandamiza kwa goti ukivuta. Kwa kiti kinachotazama mbele shida ni kifungo cha chuma: huangukia katikati ya mgongo wa mtoto, na wakati wa kutoka mkono hauingii kukifungua. Geuza kifungo kabla ya kukaza, ule upande wa kunyanyulia utazame siti, ndipo utaweza kukifungua kwa nyuma. Nilijifunza hili nikiwa nimebaki ndani ya ndege na wafagiaji.

Mtoto akishafika kilo 10, na hajapita kilo 20 wala sentimita 102, kuna kifaa kinachoitwa CARES, mikanda ya mabega inayofungwa kwenye siti ya ndege yenyewe. Kinaingia kwenye mkoba. Hakizuii siti ya mbele na hakimwinui mtoto. Kinamgusa abiria mmoja tu, wa nyuma: mkanda wake huzunguka mgongo wa siti na kupita nyuma ya meza yake ya kukunja, kwa hiyo utamwomba aishushe kwa dakika moja. Viti vya kumwinua mtoto tu, visivyo na mikanda yao, usivilipie siti. Havikubaliki wakati wa kuruka na kutua.

Kosa langu na yule mzee halikuwa kiti. Nilipanda mapema, nikafunga, nikakaa kimya nikimwona anaweka koti lake juu, anavua viatu, anajiandaa kulala. Nilijua siti yake haitalala, nikaona aibu kusema. Ningemwamkia wakati ule na kumweleza, mhudumu angekuwa na nafasi ya kumtafutia siti nyingine. Milango ikishafungwa wahudumu wanajua siti zipi ni tupu, na kuna dakika chache za kuhamisha mtu kabla ndege haijaanza kutembea. Baada ya saa moja angani siti hizo zilikuwa na watu wamejinyoosha.

Safari ya kurudi nilipanga siti siku ileile niliyokata tiketi. Mtoto dirishani, mimi kando yake, na mume wangu siti iliyo mbele ya mtoto. Kiti nikakiinua kidogo zaidi, maana alikuwa amekwisha kukaa mwenyewe. Chakula kilipoondolewa na taa kuzimwa nikasikia kitufe kikibonyezwa, mara moja, mara ya pili. Siti ikaja nyuma upana wa vidole viwili, ikagota. Kichwa cha mume wangu kikatokea juu.

"Hii siti..."

"Najua," nikamwambia. "Nimekununulia mto wa shingo. Uko kwenye mkoba wa nepi."